Kutakasa vifaa vya meno na vya matibabu: mwongozo kwa zahanati za Lamu na Malindi

"Nikishaloweka kwenye Jik, si basi?" "Tepu imegeuka rangi, ya nini tena kuandika daftarini?" "Koleo ni la chuma kisichoshika kutu, mbona lina kutu?" Kila anayeingia chumba cha kuoshea vifaa kwa mara ya kwanza huja na maswali haya, na majibu anayopewa mara nyingi ni ya mkato. Hapa tunayajibu kwa urefu, hatua baada ya hatua.

Jambo moja liweke mbele ya mengine yote: otoklevu, mashine inayotakasa vifaa kwa mvuke wa moto wenye msukumo, haioshi. Ukiingiza koleo lenye damu, utatoa koleo lenye damu iliyopikwa. Chini ya ile damu mvuke haukufika, na kilichokuwa hai humo huenda bado ki hai. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni sinki na brashi, si mashine.

Umeandikwa kwa zahanati na kliniki ndogo: chumba kimoja cha kuoshea, otoklevu moja ya mezani au ile ya mtungi inayowekwa juu ya jiko la gesi, maji ya mfereji yanayokauka na kurudi, na stima inayokatika.

Maneno matatu usiyachanganye

Kusafisha ni kuondoa damu, mate na mabaki ya nyama kwa maji, sabuni na brashi. Kuua vijidudu, kwa dawa au kwa maji yanayochemka, kunamaliza vingi lakini spora hubaki. Kutakasa ni kumaliza vyote, spora zikiwemo. Spora ni hali ya kujifungia ambayo baadhi ya bakteria huingia mazingira yakiwa magumu. Bakteria wa pepopunda ni mmoja wao, na maji yanayochemka hayamtoshi.

Kifaa kinachokata au kuingia kwenye nyama, mfupa au damu lazima kitakaswe. Kinachogusa utando wa mdomo tu, kama kioo cha mdomo, kwa kanuni kingetosha kuuliwa vijidudu kwa kiwango cha juu, lakini maadamu kinastahimili joto, kitie otoklevu pamoja na vingine. Kazi ya ziada ni ndogo, na hakuna wa kubahatisha kama mgonjwa alitokwa na damu au la.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Glovu nene za mpira zinazofika kwenye kiwiko. Glovu nyembamba za kumhudumia mgonjwa hazifai hapa. Ncha ya probu, kile kijiti cha chuma cha kuchunguzia meno, huzipenya bila wewe kuhisi.
- Aproni isiyopitisha maji, barakoa, miwani ya kinga au ngao ya uso, viatu vilivyofunika vidole.
- Sanduku gumu lenye mfuniko la kubebea vifaa vichafu, na jingine la visafi. Yapake rangi tofauti.
- Sinki mbili, au beseni mbili kubwa: moja ya kuoshea, moja ya kusuuzia.
- Sabuni ya maji isiyo kali, isiyo ya asidi wala ya magadi, au sabuni ya vimeng'enya iliyotengenezewa vifaa vya hospitali. Sabuni ya unga ya kufulia na ya kusugulia sufuria huacha tabaka na kukwaruza.
- Brashi za nailoni: moja ya kawaida, moja ndogo kama mswaki, na za mirija. Steeluuli usiilete karibu.
- Vitambaa visivyoacha nyuzi, na kioo cha kukuzia chenye mwanga mzuri.
- Mifuko ya karatasi na plastiki ya kutakasia, au vitambaa vya pamba vya kufungia, tepu ya otoklevu, na viashiria vya kemikali (vipande vinavyogeuka rangi) vya kuweka ndani ya mfuko.
- Maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji yasiyo na chumvi.
- Saa, na daftari.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo ni kifaa cha kazi. Kama hujakamilisha dozi zako 3, anza leo.

Panga chumba ili kazi iende upande mmoja tu: mlango, sinki chafu, sinki ya kusuuzia, meza ya kukaushia na kufungia, otoklevu, kabati. Kisafi hakirudi nyuma kupita penye kichafu. Chumba kikiwa kidogo kiasi cha kushindwa hilo, tenganisha kwa wakati: osha vyote kwanza, pangusa meza kwa dawa, vua glovu nene, nawa, ndipo uanze kufunga.

Maji, kabla ya hatua yoyote

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa bara hutuacha njiani. Mji wa Lamu hutegemea visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na Malindi hupata maji ya Baricho, kwenye Mto Sabaki. Mfereji ukikauka, mtu huchota kisima cha karibu, na kisima kilicho karibu na bahari kina chumvi.

Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba sana juu yake. Kloraidi iliyo kwenye chumvi huutoboa utando huo na kuacha vishimo vidogo kama alama ya ncha ya sindano. Kishimo kikishakuwepo, damu hujificha humo na hakuna brashi inayofika. Kwa hiyo koleo jipya huharibika mapema, na lawama humwangukia aliyeliuza.

Pima hivi bila maabara: chemsha maji, yapoe, yaonje. Ukihisi chumvi, kloraidi inakaribia au imepita miligramu 250 kwa lita, na maji hayo yasiwe ya mwisho kugusa kifaa. Kisha tazama ndani ya birika unalochemshia chai. Magamba meupe ni chokaa, jambo la kawaida kwetu kwa kuwa ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe.

Kuoshea, tumia maji ya mfereji. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa. Ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi, yakachujwa na kuchemshwa. Maji ya jabia, lile tangi la kujengwa la kukingia mvua, hayana chumvi nyingi, lakini yamepita juu ya sakafu ya chokaa, basi yaishie kwenye suuza ya kwanza. Ndani ya otoklevu ni maji yaliyotoneshwa peke yake.

Onyo: wengi hununua maji yaliyotoneshwa kwenye kituo cha petroli kwa jina la "maji ya betri". Dukani hapohapo, kwenye chupa inayofanana, huuzwa asidi ya betri. Soma lebo kila unaponunua, hata kama muuzaji ni yuleyule. Na yale yanayodondoka kwenye mashine ya kupoza hewa si maji yaliyotoneshwa. Yamebeba vumbi, kuvu na madini.

Kazi yenyewe

1. Anza kando ya kiti cha mgonjwa. Aliyetumia sindano au kisu ndiye anayekitoa na kukitia kwenye sanduku la vikali, hapohapo. Sindano ya ganzi ikilazimu kurudishiwa kifuniko, laza kifuniko mezani na ukichote kwa mkono mmoja. Katriji ya ganzi iliyobaki nusu hutupwa na sindano yake. Haimngojei mgonjwa mwingine. Kisha futa damu na saruji ya meno kwenye vifaa kwa shashi yenye maji. Saruji ikishakauka kwenye ncha ya spatula, utaikwangua mpaka uichubue spatula.

2. Viache na unyevu. Vilaze ndani ya sanduku, vifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji au uvipulizie povu la vimeng'enya. Usitumie saline ya dripu kuloweshea, nayo ni chumvi. Damu ikikauka ndani ya bawaba ya koleo, muda wa kuosha huongezeka sana.

3. Funga mfuniko, peleka chumba cha kuoshea. Usipite koridoni na trei wazi.

4. Vaa kinga yote. Kabla ya kugusa chochote, tazama kama kuna sindano iliyosahauliwa. Tumia kibanio, usipapase kwa vidole.

5. Fungua kila kinachofunguka na tenganisha kila kinachotenganika: mikasi, makoleo, sirinji ya ganzi, mshikio wa kioo. Suuza kwa maji baridi ya mfereji.

6. Loweka kwenye maji ya sabuni. Kipimo ni cha lebo, si cha kukisia. Sabuni ikizidi husuuzika kwa shida na huacha tabaka. Maji yawe vuguvugu, yasizidi nyuzi 40. Maji ya moto hugandisha protini ya damu kama yai linavyoganda kikaangoni. Muda fuata lebo. Kwa sabuni nyingi za vimeng'enya ni dakika 5 hadi 10.

7. Piga brashi kifaa kikiwa chini ya maji. Ukikisugua hewani, matone hurukia usoni na kusambaa chumbani. Shika kimoja kimoja. Sugua meno ya koleo kufuata mistari yake, sugua bawaba ukiifungua na kuifunga, pitisha brashi ya mrija mpaka itokee upande wa pili. Maji yakigeuka rangi, yamwage uweke mengine. Usimalizie rundo zima kwenye maji ya asubuhi.

8. Suuza mara mbili: kwanza maji ya mfereji, kisha maji yaliyotoneshwa. Sabuni iliyobaki huwa madoa ndani ya otoklevu.

9. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mirija ikaushe kwa hewa ya kompresa.

10. Kagua. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha kama tisa zilizotangulia zilifanyika. Chukua koleo la magego, lisogeze dirishani, lifungue polepole. Pale vipande viwili vinapopishana kuna ufa mwembamba. Ukiona mstari wa hudhurungi humo, pitisha shashi nyeupe iliyoloweshwa. Shashi ikitoka na alama, koleo linarudi sinki. Ukibaki na shaka, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya 3%: mapovu yakichemka kwenye ufa, damu bado imo. Suuza vizuri baada ya jaribio hilo. Kagua pia makali ya mkasi, meno ya kibanio, na kama ncha zinakutana sawasawa.

11. Paka bawaba mafuta ya vifaa yanayoyeyuka kwenye maji, tone moja. Mafuta ya cherehani usithubutu. Hutengeneza tabaka ambalo mvuke haulipenyi.

12. Funga. Mfuko usijae zaidi ya robo tatu, na makali yavishwe kofia au yakunjiwe shashi ili yasitoboe. Weka kiashiria cha kemikali ndani ya kila mfuko. Kwa kitambaa, tumia tabaka mbili za pamba iliyofuliwa, isiyo na tundu, na ufunge kwa tepu. Makoleo na mikasi viingie vikiwa wazi, maana pale penye mbano mvuke haufiki. Andika tarehe, namba ya mzunguko na jina la kilichomo upande wa plastiki. Wino huweza kupenya karatasi.

13. Panga ndani ya otoklevu. Mifuko isimame kwa ubavu, karatasi ya mmoja itazame plastiki ya mwenzake, na kiganja kiweze kupenya kati ya safu. Mifuko isiguse ukuta wala mfuniko. Mabakuli yalale ubavu ili hewa na maji vitoke. Ukitumia dramu ya chuma yenye matundu, fungua matundu kabla ya kuiingiza na uyafunge mara itokapo. Yakisahaulika kufunguliwa, mvuke hauingii kabisa.

14. Endesha mzunguko, kama ifuatavyo hapa chini.

Otoklevu ya mtungi

Tia maji yaliyotoneshwa mpaka alama ya mtengenezaji, chini ya wavu wa kuwekea vifaa. Pangusa mpira wa mfuniko, funga, kisha kaza boliti kwa jozi zinazotazamana ili mfuniko ukae sawa. Acha vali ya hewa wazi, washa jiko.

Sasa subira. Mwanzoni hutoka hewa iliyochanganyika na mvuke, kwa kusitasita. Ngoja mpaka mvuke utoke kwa nguvu na bila kukatika, kisha hesabu dakika 5 nyingine ukiwa umeiacha vali wazi. Ndipo uifunge. Hewa iliyobaki ndani huipandisha geji sawasawa, lakini joto halifiki linapotakiwa. Geji hupima msukumo, haipimi joto, na mchanganyiko wa hewa na mvuke katika msukumo uleule ni baridi kuliko mvuke mtupu. Mizunguko mingi inayoshindwa kwenye mitungi hii hushindwa hapa.

Ngoja geji ifike paundi 15 kwa inchi ya mraba, karibu bar 1. Kwetu, usawa wa bahari, hiyo ni nyuzi 121. Aliyehamia kutoka Nairobi atakuwa amezoea kuongeza paundi kama 3 kwa sababu ya mwinuko, huku hazihitajiki.

Saa ianze geji inapofika hapo, si jiko linapowashwa. Vifaa vilivyofungwa, dakika 30. Vilivyo wazi, dakika 20, navyo vitumike papo hapo. Punguza moto ili geji isimame. Ikishuka chini ya 15 katikati ya hesabu, irudishe na uanze kuhesabu upya kutoka sifuri.

Muda ukiisha, zima moto, toa mvuke polepole kwa vali. Usiguse boliti hata moja mpaka geji iwe sifuri. Inua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso, uache nafasi ya kidole, na uviache vifaa dakika 30 vikauke kwa joto lao.

Otoklevu ya mezani

Chagua mzunguko wa vifaa vilivyofungwa. Zenye pampu ya kunyonya hewa hufanya nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi kidogo, kulingana na mtengenezaji. Fuata kitabu chake. Zisizo na pampu hazifai kwa mirija mirefu wala kwa vifaa vyenye vijitundu, hata zikiwa mpya na zenye kioo cha tarakimu. Kama yako ina pampu, kila asubuhi fanya jaribio la Bowie-Dick kabla ya kuingiza vifaa: pakiti ya jaribio peke yake ndani ya chumba kitupu, nyuzi 134, dakika 3 na nusu. Karatasi ikigeuka rangi sawasawa mpaka katikati, endelea. Ikiacha doa katikati, hewa haikutoka, na mashine haitumiki siku hiyo.

Usikatishe muda wa kukausha. Ndiyo tabia inayoharibu kazi nzuri iliyokwisha kufanyika: mgonjwa yuko kitini, mfuko unatolewa ungali na maji, na karatasi mbichi hufyonza vijidudu kutoka mikononi na mezani.

15. Poza juu ya wavu, si juu ya meza baridi ya chuma au ya vigae, maana mvuke utageuka maji chini ya mfuko. Usiguse mpaka ipoe.

16. Soma viashiria, uandike. Tepu ya nje inasema jambo moja tu: mfuko huu umepita kwenye joto. Haisemi kwa muda gani wala kama mvuke uliingia. Kiashiria cha ndani kinasema zaidi, nacho husomwa mfuko unapofunguliwa mbele ya mgonjwa. Kinachothibitisha ni kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus, angalau mara moja kwa wiki: weka katikati ya mzigo uliojaa, endesha, kisha kiatamie (kiweke kwenye joto la kuoteshea bakteria) pamoja na kingine cha kundi lilelile ambacho hakikupita otoklevu. Kile cha pili lazima kiote; kisipoota, jaribio zima halina maana. Daftarini andika tarehe, namba ya mzunguko, kilichoingizwa, joto, msukumo, dakika, matokeo ya viashiria, na sahihi. Siku jaribio likishindwa, daftari ndilo litakaloonyesha ni mifuko ipi ya kurudishwa.

17. Hifadhi kwenye kabati lenye milango, rafu ya chini ikiwa kama sentimita 20 juu ya sakafu, na mifuko ikiwa mbali na ukuta wa nje angalau sentimita 5. Kliniki nyingi za mji wa kale ziko kwenye nyumba za mawe, na zidaka zile ukutani huvutia kuwekea vitu. Usiweke mifuko humo: ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kumwaga unga. Dirisha linalotazama bahari nalo lifungwe wakati wa kusi, upepo hubeba chumvi. Mfuko hauharibiki kwa tarehe tu. Huharibika ukilowa, ukichanika, ukianguka sakafuni au ukifinywa. Kagua kabla ya kufungua.

Vifaa vikisafirishwa kwa boti, tuseme kutoka hospitali kubwa kwenda kituo cha afya cha kisiwa cha Pate, kama Faza au Kizingitini, mifuko ipoe kabisa kwanza. Kisha itie ndani ya plastiki nzito, ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana. Rasharasha moja la bahari kwenye karatasi, na mfuko huo si safi tena.

Hendipisi

Hizi ni mishikio ya mashine ya kutobolea meno, nazo huharibiwa na walio wepesi wa kuloweka. Baada ya mgonjwa, iendeshe sekunde 20 hadi 30 ikitoa maji na hewa, kisha itoe kwenye kiti. Futa nje kwa kitambaa chenye sabuni, suuza, kausha, tia mafuta yake kwa kipimo cha mtengenezaji, na utoe yaliyozidi. Funga, tia otoklevu. Haizamishwi kwenye dawa yoyote. Kuipangusa kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa hakutoshi, kwa sababu mate na damu huvutwa ndani yake. Kliniki yenye hendipisi moja inahitaji kupunguza wagonjwa au kununua ya pili na ya tatu.

Na ile Jik?

Mabango ya zamani yanaelekeza kuloweka vifaa kwenye klorini ya 0.5% kwa dakika 10 kabla ya kuosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, halipendekezi tena: damu hupunguza nguvu ya klorini, na klorini hula chuma. Mikono hulindwa na glovu nene, si na Jik. Kama msimamizi wako bado anaitaka, Jik ya 3.5% changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, ndoo ya plastiki, dakika 10 zisizozidi, kisha suuza mara moja. Mchanganyiko ni wa siku moja, au hata nusu siku ukichafuka. Chupa ikiandikwa kiwango kingine, gawanya kiwango hicho kwa 0.5 na utoe 1. Jibu ndilo idadi ya vikombe vya maji kwa kila kikombe cha dawa. Usichanganye na asidi wala na sabuni yenye amonia. Kwa damu iliyomwagika sakafuni, klorini hiyohiyo inafaa sana.

Otoklevu ikiharibika

Joto kavu la oveni ya kutakasia: nyuzi 170 kwa saa 1, au 160 kwa saa 2, ukihesabu tangu joto lilipofika. Vifaa vya makali vitie kwa 160. Mifuko ya plastiki, nguo na mpira haziingii.

Kuchemsha ni njia ya dharura kwa vile visivyoingia kwenye damu: vizame vyote, dakika 20 tangu maji yachemke kwa nguvu, na ukiongeza kifaa kimoja unaanza upya. Hakulitakasi koleo la kung'olea jino. Sanduku la taa ya zambarau (UV) halitakasi, kwa kuwa mwanga hauzunguki nyuma ya kifaa. Kuchoma ncha kwa spiriti hakutakasi, ila kunaharibu chuma. Siku hiyo afadhali ung'oaji usio wa dharura uahirishwe, au mzigo upelekwe kituo kingine chenye otoklevu.

Mambo yakienda mrama

*Mifuko inatoka na maji.* Umejaza kupita kiasi, umefungua mapema, au umelaza mifuko bapa. Mfuko mbichi hauhesabiki kuwa umetakaswa. Funga upya kwa mfuko mpya, rudia.

*Madoa ya hudhurungi.* Sugua kwa kifutio cha penseli. Likitoka na chuma kikabaki laini, ni doa la maji au sabuni, rekebisha suuza. Pakibaki kishimo, ni kutu, na kifaa kiondoke kazini. Usikiache na wenzake, kutu huhamia.

*Unga mweupe.* Chokaa ya maji. Mwaga maji ya otoklevu, safisha chumba chake kama kitabu kinavyosema, weka yaliyotoneshwa.

*Geji imefika, kiashiria cha ndani hakikugeuka.* Hewa. Vali ilifungwa mapema, mzigo umebanana, au dramu haikufunguliwa matundu.

*Geji haipandi.* Sikiliza mluzi kwenye mpira wa mfuniko. Ukiwa umepasuka au kukauka, badilisha. Tazama kiasi cha maji. Vali ya usalama usiizibe wala kuifunga kwa waya kwa sababu yoyote. Mtungi ni bomu bila hiyo.

*Stima imekatika katikati.* Mzunguko wote hauhesabiki, hata zikiwa zimebaki dakika 2. Ikirudi, anza mwanzo. Mifuko ikiwa imelowa, badilisha.

*Kichupa cha spora kimeota.* Simamisha mashine. Rudisha mifuko yote ya tangu jaribio la mwisho lililofaulu, uitakase kwingine. Angalia upangaji, hewa na muda, kisha rudia jaribio. Likishindwa tena, mwite fundi.

*Umejichoma.* Acha kazi. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usitie Jik. Toa taarifa papo hapo: dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI zianze haraka iwezekanavyo, zikiwezekana ndani ya saa chache, na zisipite saa 72. Andika ni kifaa gani na cha mgonjwa yupi, ili naye aweze kuombwa kupimwa.